Kwa nini kamera mpya za gama huona vizuri kuliko za zamani

Basi likitoka Tanga alfajiri, likapita Muheza na Segera, likakata Chalinze na kuingia Dar es Salaam, saa 6 zinakuwa zimekaribia kuisha. Huo ndio muda ambao tekineti-99m, kiini cha dawa nyingi za tiba ya nyuklia duniani, hupoteza nusu ya nguvu yake. Ukiipakia Dar asubuhi, inafika Tanga nusu. Ikipitisha siku nzima, imebaki robo ya robo. Ndiyo maana mgonjwa wa huku aliyeandikiwa picha ya mifupa au ya moyo kwa njia hii husafiri yeye kuifuata dawa, kwa kawaida hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road. Dawa haimfuati mtu.

Kwa dawa inayokimbia hivyo, tena yenye mionzi ambayo hakuna anayetaka kudungwa zaidi ya lazima, kazi ya mhandisi ni moja: kupata picha nzuri kwa miale michache, kwa dakika chache. Miaka hii ya karibuni jibu linalotangazwa sana ni kamera za semikondakta. Matangazo husema fuwele mpya, yaani kile kipande kinachodaka miale ndani ya kamera, "ina hisia kali", msomaji akaelewa kwamba inadaka miale mingi kuliko ya zamani. Si kweli. Fuwele mpya hudaka miale sawa na ya zamani, au pungufu kidogo. Ubora wake uko kwingine, na ukishauona utajua pia ni kamera ipi inafaa hospitali ipi.

Kwanza tujue kinachopigwa picha. Katika eksirei, miale hutoka kwenye mashine, ikapita mwilini na kuacha kivuli. Katika tiba ya nyuklia mambo yamegeuzwa: mgonjwa hudungwa dawa yenye mionzi kidogo, dawa ikaenda kukaa kwenye kiungo iliyotengenezewa, na kutoka hapo mwili wenyewe ndio unaotoa miale. Kamera haitoi mionzi yoyote, inaangalia tu. Picha yake haionyeshi sana umbo la kiungo bali kazi yake. Mfupa ulioingiliwa na saratani ya tezi dume hujijenga kwa kasi isiyo ya kawaida, ukanywa dawa nyingi na kung'aa kwenye picha, mara nyingi kabla eksirei haijaona kitu. Msuli wa moyo unaokosa damu ya kutosha huonekana hafifu. (Wazee wakitajiwa "sindano ya mionzi" huuliza kwanza kama itawaunguza. Haiunguzi, na haina joto lolote unaloweza kulihisi.)

Kila punje ya mwale wa gama unaotoka kwenye tekineti, yaani fotoni, hubeba nishati ya takriban kiloelektronivolti 140, kwa kifupi keV 140. Kamera lazima ijibu maswali mawili kuhusu kila fotoni: imegonga wapi, na imekuja na nishati kiasi gani? La kwanza linajenga picha. La pili linaisafisha, na tutaona kwa nini.

Kamera iliyotawala hospitali kwa miongo mingi ilibuniwa mwishoni mwa miaka ya 1950, nayo ni ya Hal Anger, mhandisi wa Berkeley, California. Moyo wake ni bamba la fuwele ya iodidi ya sodiamu, pana kama nusu mita, na unene wake kwa kawaida si zaidi ya sentimita moja. Fotoni ya gama ikigonga humo, fuwele hutoa cheche ya mwanga ambayo jicho haliwezi kuiona kwa udogo wake. Nyuma ya bamba kumepangwa makumi ya mirija ya vioo inayogeuza mwanga kuwa umeme na kuukuza. Kompyuta hulinganisha mrija upi umepata mwanga mwingi na upi kidogo, kisha ikakisia fotoni iliangukia wapi. Ni ubunifu mzuri kweli, na umedumu zaidi ya miaka 60 bila kubadilika sana.

Udhaifu wake uko kwenye ule mzunguko wa kugeuza gama kuwa mwanga, kisha mwanga kuwa umeme. Fotoni ya keV 140 huzaa chembe za mwanga kama 5,000 na ushei. Nyingine hupotea njiani, na mrija wa kioo hugeuza takriban robo tu ya zinazoufikia. Mwishoni hesabu yote ya nishati inasimama juu ya elektroni elfu moja hivi, na hesabu ya vitu vichache huyumba. Fotoni mbili zilizo sawa kabisa zitasomeka tofauti. Kwa kamera ya Anger, kuyumba huko ni karibu asilimia 10 ya nishati, na mahali pa kugonga hupimwa kwa kosa la milimita 4 hivi.

Semikondakta huondoa mwanga njiani. Ni maada ya jamii ileile ya chipu za simu: haipitishi umeme kwa uhuru kama shaba, wala haiuzuii kabisa kama kioo. Fotoni ikigonga ndani yake hung'oa elektroni kutoka mahali pake na kuacha matundu. Ukiweka volti mia kadhaa kutoka uso mmoja wa fuwele hadi mwingine, elektroni hukimbilia upande mmoja na matundu upande wa pili, na mwendo huo wenyewe ndio ishara ya umeme. Kung'oa elektroni moja hugharimu elektronivolti 4.6 tu, kwa hiyo fotoni ya keV 140 hung'oa elektroni kama 30,000. Mara 30 ya kile alichokuwa nacho Anger.

Wazo hilo ni la zamani. Kilichosumbua ni maada yenyewe. Silikoni ni rahisi na safi, lakini atomi zake ni nyepesi na gama hupenya kama haipo. Gerimani husoma nishati vizuri ajabu, ila lazima ipozwe kwa naitrojeni ya kimiminika iliyo nyuzi 196 chini ya sifuri, jambo ambalo hospitali nyingi haziliwezi. Iliyoshinda ni mchanganyiko wa kadimi, zinki na teluri, unaojulikana kwa herufi CZT. Atomi za kadimi na teluri ni nzito, hivyo fuwele ya milimita 5 tu huzuia zaidi ya asilimia 80 ya fotoni za tekineti. Na hufanya kazi kwenye joto la chumba.

Angalia hapo: asilimia 80 na zaidi. Bamba la Anger huzuia karibu asilimia 90. Kwa kudaka, mzee bado yuko mbele.

Faida ya kwanza ya CZT ni lile swali la nishati. Fotoni ikitoka kwenye mfupa inaweza kugongana na elektroni ndani ya nyama, ikapinda njia, na kufika kwenye kamera kana kwamba imetoka mahali pengine. Fotoni iliyopinda namna hiyo ni shahidi wa uongo, na kinachomuumbua ni nishati yake, kwa sababu kila kupinda kuna ada yake. Fotoni ya keV 140 ikipinda nyuzi 90 hubaki na keV 110. Huyo anakamatwa kirahisi. Ikipinda nyuzi 45 hubaki na keV 130, na hapa ndipo penye shida. Kamera ya zamani, kwa kuyumba kwake, hulazimika kuzikubali fotoni zote kati ya keV 126 na 154, la sivyo itazitupa na zilizo halali. Ya keV 130 inapita mlangoni bila kuulizwa. CZT huyumba asilimia 5 au 6 tu, hivyo mlango unaweza kubanwa hadi kati ya keV 133 na 147, na shahidi yule akabaki nje. Uwezo huohuo husaidia kutenganisha dawa mbili zilizodungwa pamoja, kama tekineti yenye keV 140 na iodini-123 yenye keV 159.

Msomaji makini atauliza: kama elektroni ni 30,000, mbona kuyumba ni asilimia 5 na si chini ya 2? Swali zuri. Matundu ndiyo yanayoharibu. Elektroni huvuka milimita 5 za fuwele kwa chini ya nusu ya sehemu moja ya milioni ya sekunde, lakini matundu hutambaa polepole zaidi ya mara 10, na mengi hunaswa njiani kwenye kasoro za fuwele. Ishara inakuja pungufu. Fotoni halali ya keV 140 inasomeka kama ya 125, ikaonekana kama shahidi wa uongo ilhali haina kosa. Kwenye grafu ya nishati hii hutokea kama mkia mrefu upande wa chini, na ile hesabu tamu ya dawa mbili inachafuka, kwa sababu mkia wa iodini-123 huangukia juu ya mlango wa tekineti. Dawa yake ni ya kijiometri. Uso mmoja wa fuwele hukatwa vijiraba, yaani miraba midogo midogo, kila kimoja na waya wake. Kijiraba kikiwa kidogo sana kuliko unene wa fuwele, ishara kubwa huzaliwa elektroni inapokaribia kufika, na mchango wa matundu unakuwa haba. Ujanja huo umepunguza mkia, haujaumaliza.

Vijiraba hivyo vina kazi ya pili. Kipande cha kawaida cha CZT ni cha karibu sentimita 4 kwa 4, chenye vijiraba 256 vya milimita 2.46 kila kimoja. Hakuna kukisia tena. Waya wa kijiraba namba fulani ukipiga, fotoni imegonga hapo.

Kutoka kosa la milimita 4 hadi 2.46, basi picha itakuwa kali karibu mara mbili? Hapana, na kipande hiki ndicho wauzaji hawapendi kukieleza. Miale ya gama haipindwi na lenzi. Ili kamera ijue fotoni imetoka upande gani, mbele ya fuwele huwekwa kolimeta, bamba zito la risasi lenye maelfu ya vitundu vyembamba. Shika fungu la matete mbele ya jicho: kila tete linakuonyesha kilichonyooka mbele yake tu, na kila kinachokuja kwa mshazari kinagonga ukuta. Kolimeta ni hivyo. Gharama yake inatisha, kwani katika fotoni 10,000 zinazotoka mwilini hupita moja au mbili. Zilizobaki zinamezwa na risasi kabla fuwele, ya zamani au mpya, haijaziona. Kubishana kama fuwele inadaka asilimia 80 au 90 ya hizo mbili zilizopona ni kubishana juu ya makombo.

Ukali wa picha nao unaamuliwa hapo. Chukua kolimeta yenye vitundu vya upana wa milimita 1.5 na urefu wa milimita 25. Kwa kitu kilicho sentimita 10 mbele yake, ukungu wa kolimeta peke yake ni milimita 7.5. Ukijumlisha na kosa la kamera ya Anger, tuseme milimita 3.8, kwa kanuni ya kuzidisha kila kosa kwa lenyewe, kujumlisha, kisha kutafuta kipeuo cha pili, unapata milimita 8.4. Badilisha fuwele, weka CZT, acha kila kitu kingine kama kilivyo: milimita 7.9. Nusu milimita tu, kwa mamilioni yote yale ya fedha! Sasa acha fuwele ya zamani, ila mgonjwa awe sentimita 20 kutoka kolimeta: ukungu unapanda hadi milimita 14. Kusogea karibu kuna nguvu kuliko kubadilisha fuwele.

Hapo ndipo thamani halisi ya CZT inapoonekana. Kichwa cha kamera ya Anger ni kikubwa na kizito kwa sababu ya mirija ya vioo na ngao ya risasi inayoizunguka, na pembeni kina eneo kipofu ambako kompyuta haiwezi kukisia vizuri. Hakiwezi kumkumbatia mtu. Kipande cha CZT ni chembamba, kina macho hadi ukingoni, na unaweza kukipanga upendavyo. Mbunifu amefunguliwa mikono. Fuwele yenyewe haikuboresha picha sana. Ilimruhusu mbunifu afanye yale ambayo yangeiboresha.

Tazama walichofanya. Kwa moyo, kamera iitwayo D-SPECT ina safu 9 za vigunduzi, kila safu ikijigeuza yenyewe kama mtu anayetikisa kichwa, zote zikitumia muda wao mwingi kuutazama moyo na si mapafu wala ini. Kolimeta zake ni za tungsteni, nzito kuliko risasi, kwa hiyo kuta zinaweza kuwa nyembamba na vitundu vipana. Ukungu unaoongezeka kwa upana huo hurekebishwa na hesabu za kompyuta zinazojua tabia ya kila kitundu. Discovery NM 530c ya kampuni ya GE ilichukua njia nyingine: vitundu 19 kama vya sindano, vyote vimeelekezwa moyoni, bila chochote kuzunguka. Picha ya moyo iliyohitaji robo saa au zaidi ikashuka hadi dakika chache. Au muda ukaachwa uleule na dawa ikapunguzwa hadi nusu. Kwa mwili mzima zikaja VERITON na StarGuide, zenye mikono 12 kumzunguka mgonjwa, kila mkono ukisogea mbele hadi karibu na ngozi na kuzungusha kigunduzi chake. Ni hesabu yetu ya milimita 14 na 8 imegeuzwa chuma.

Mbona basi zisienee haraka? Fuwele. Kukuza CZT iliyo safi na ya ukubwa wa kufaa ni kazi ya wiki kadhaa ndani ya tanuru, na teluri ina tabia ya kujikusanya vidonge vidogo ndani ya fuwele, kila kidonge kikiwa mtego wa elektroni. Sehemu kubwa ya bonge hutupwa. Watengenezaji duniani ni wachache mno. Mmoja wao, Redlen wa Kanada, alinunuliwa na Canon mwaka 2021, dalili kwamba wakubwa wanataka kuwa na tanuru zao wenyewe.

Sasa turudi pwani. Tuseme siku moja hospitali ya Tanga itataka kamera yake. Tatizo la dawa lina ufumbuzi wake wa kawaida: tekineti huzaliwa na molibdeni-99, ambayo hupungua nusu kila baada ya saa 66. Molibdeni hutengenezwa kwenye vinu vichache vya nyuklia, kimojawapo SAFARI-1 cha Pelindaba, Afrika Kusini, na husafirishwa ndani ya jenereta ndogo ya risasi ambayo fundi huikamua tekineti kila asubuhi. Safari ya saa 6 kwa barabara hula asilimia 6 tu ya molibdeni. Lakini jenereta iliyofika Jumatatu, Ijumaa imebaki na zaidi kidogo ya theluthi, na wagonjwa wa Ijumaa wanahitaji dozi ileile. Kamera inayoridhika na nusu ya dawa inaifanya Ijumaa kuwa siku ya kazi. Mwaka 2009 na 2010, kinu cha NRU cha Kanada kilipofungwa kwa zaidi ya mwaka na molibdeni ikaadimika duniani, hata hospitali tajiri zilijifunza kuhesabu hivyo.

Halafu kuna hewa yetu. Iodidi ya sodiamu hunyonya unyevu kama chumvi ya jikoni. Ikivuja kidogo tu kwenye kasha lake, inageuka manjano na kufa. Pia haipendi joto kubadilika ghafla. Umeme ukikatika, kiyoyozi kikazimika, chumba kikapanda nyuzi kadhaa kwa saa moja, bamba zima la nusu mita linaweza kupasuka, na hata ujirani wetu na mitambo ya umeme ya Hale na Pangani haujatuondolea giza la ghafla. CZT hainyonyi unyevu hivyo na haipasuki kirahisi. Hata hivyo "joto la chumba" linalotajwa kwenye vitabu si la chumba cha Ngamiani, Tanga, mwezi Februari: joto likipanda, umeme hujivujia wenyewe ndani ya fuwele na kelele zikaongezeka, kwa hiyo nazo hupozwa. Tofauti ni kwamba umeme ukirudi, mara nyingi unapoza na kuendelea. Na kipande kimoja kikiharibika hubadilishwa kipande hicho, si bamba zima.

Lipo jambo moja ambalo ningelichunguza kabla ya yote hayo, nalo ni orodha ya wagonjwa. Kwa rovu na saratani ya tezi ya shingo hutumika sana iodini-131, ambayo fotoni zake kuu zina keV 364. Mbele ya CZT ya milimita 5, nyingi ya hizo hupita moja kwa moja, na kolimeta nyembamba za tungsteni zilizobuniwa kwa tekineti haziwezi kuzizuia zinazokuja kwa mshazari. Rovu lenyewe unaweza kulipiga picha kwa tekineti na kamera mpya ikafanya kazi nzuri. Kumfuatilia mgonjwa aliyetibiwa saratani kwa iodini-131 ni kazi nyingine. Wapo wabunifu wanaotumia fuwele nene zaidi, ila unene unamaanisha safari ndefu ya elektroni, mitego zaidi njiani, na bonge kubwa la fuwele safi ambalo ni gumu kulipata. Kamera ya moyo yenye vitundu 19 ndiyo kabisa. Haitapiga picha ya mfupa hata mmoja wa mzee mwenye tezi dume. Hospitali ya mkoa yenye nafasi ya kamera moja, na foleni ya mifupa, shingo na figo kuliko mioyo, itahudumiwa vizuri zaidi na kamera ya Anger yenye vichwa viwili na seti ya kolimeta nene, au na ile ya mikono 12 kama fedha ipo na iodini-131 inaweza kubaki Dar.